Spika za Baba Yako

Athieno mwanangu,

Sauti inayonifuata tangu Desemba ni ndogo sana. Si kilio, si tusi, si ngoma. Ni ile "puh" ya waya ukichomolewa kwenye spika wakati mtu bado anaimba. Naisikia mahakamani, naisikia nikiosha vyombo. Baada yake ilibaki sauti yako peke yake, bila umeme, nyembamba kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Hukukatiza. Uliimba mstari wako mpaka neno la mwisho, ndipo ukafunga mdomo. Watu wote waliokuwapo Paya siku ile wanasimulia kwamba ulinyamazishwa. Sijasikia hata mmoja akisema kwamba ulimaliza mstari.

Umekwenda kuaga wenzako, na mimi nimebaki mezani na chai iliyopoa. Kesho unavuka mpaka kwenda Tororo kuishi kwa muziki, si wa Jumamosi na Krismasi, bali muziki kama kazi, kama mwingine anavyokwenda kufundisha au kuuza vitenge. Kwa majuma mengi sasa tumeishi humu ndani kama wapangaji wawili. Tunapeana chumvi. Tunaulizana kama mvua itanyesha. Mimi ndiye niliyeanza kimya hicho, kwa hiyo ni haki mimi nikivunje.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Ulianza kujipikia kabla sijakumbuka kukufundisha. Nataka kukuandikia hasira yangu, kwa sababu umeiona usoni mwangu na nadhani umeamini kwamba ni yako.

Ngoja nianze na baba yako. Ulipokuwa mdogo ulidhani Okoth ndiye aliyevumbua muziki, kwa kuwa haukusikika popote mpaka yeye afike. Alifunga spika mbili kwenye baiskeli, moja kila upande, betri ya gari nyuma, na akaendesha kutoka Busia hadi Molo, hadi Mwello, hadi kwao Paya, kila penye harusi au matanga. Alijenga makasha ya spika zile mwenyewe, kwa mbao za masanduku ya mizigo yaliyotupwa Malaba. Bado zina maandishi ya nchi za watu ubavuni. Hakuimba hata siku moja. Alisema kazi yake ni kuhakikisha mtu wa nyuma kabisa, yule aliyekosa kiti, anasikia sawasawa na mtu wa mbele. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, nimejaa vitabu, na sikuwahi kumsikia mtu akifikiria watu wa nyuma. Ndivyo ulivyozaliwa wewe.

Wewe ulikuwa unaimba honi. Unakumbuka? Malori yakipanga foleni mpakani, ulikaa mlangoni ukajibu kila honi kwa sauti yake, kisha ukaunganisha tatu nne zikawa wimbo. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisema, "Athieno, ingia ndani, watu wanatutazama."

Hilo ndilo neno nililokulea nalo. Watu wanatutazama. Nililipata shuleni, kwa mwalimu wa kwaya aliyekuwa akipita kati ya mistari yetu na kuwekea sikio midomo yetu. Akisikia sauti inayojitokeza, alimgusa mwenye nayo begani kwa rula: "Wewe, rudi ndani ya wenzako." Niliguswa mara mbili. Mara ya tatu haikuja. Nilipata zawadi ya nidhamu, nikaendelea kupata zawadi za namna hiyo mpaka nikawa mkalimani wa mahakama.

Umeniona nikienda kazini kwa sketi ya kijivu miaka yote, lakini sidhani nimewahi kukueleza kazi hiyo inafanya nini ndani ya mtu. Sheria ya kwanza ya mkalimani ni kwamba hayupo. Mshtakiwa akisema kwa Kisamia, "Nilimpiga," mimi sisemi, "Anasema alimpiga." Nasema, "Nilimpiga." Shahidi akisema kwa Kidhopadhola, "Nilimwona mume wangu amelala mtaroni," nami nasema, "Nilimwona mume wangu amelala mtaroni," na sauti yangu haitetemeki. Kutwa nzima nasema mimi, mimi, mimi, na hakuna hata moja iliyo yangu. Nimekiri makosa ambayo sikuyafanya. Nimelilia ndoa zisizo zangu kwa jicho kavu. Hakimu mmoja alinisifu akisema kunisikiliza ni kama kutazama kupitia kioo safi. Nilifurahi juma zima. Leo nikikumbuka nataka kuvunja kitu.

Sasa Desemba.

Lumbe ya baba yako, karamu ya kumaliza matanga, ilikuwa yangu na yako kuliko ya mtu yeyote, na bado tulifika Paya kama wageni waalikwa. Baba yako mdogo Ochwo alikuwa ameshapanga kila kitu. Mahema, ng'ombe, pombe ya ulezi kwenye mitungi na mirija yake mirefu, na viti vya plastiki vyenye migongo kwa wakubwa. Spika za kaka yake alikuwa amezichukua siku ya tatu baada ya maziko, "kwa ajili ya ukoo," na sasa zilisimama pale uwanjani zikiwa zimefunikwa kitambaa kama mali yake. Alinikabili tukiwa bado hatujanawa mikono.

"Mulamu, shemeji yangu, karibu. Wewe utatafsiri, si ndiyo kazi yako? Watu yako ya Samia hapana sikia Kidhopadhola. Na huyu mtoto yetu ataimba."

"Amekubali?" nikauliza.

"Sasa mtoto yetu tunamuuliza? Ataimba tu. Ni mtoto yetu."

Hapo, Athieno, ndipo ningepaswa kusimama. Neno hilo "mtoto wetu" nimelisikia likitumiwa kwako tangu ukiwa na miaka kumi na mbili. Fundi wa mahema si mtoto wetu, analipwa. Mpishi wa pilau kutoka mjini si mtoto wetu, anaitwa mheshimiwa. Mwimbaji peke yake ndiye wa ukoo, na wa ukoo maana yake asimame juani tangu asubuhi, anywe soda ya moto, na akishukuru aonekane ana adabu. Huo ndio upendo wao. Wanakukumbatia ili usiweze kunyoosha mkono.

Nawe ulijua desturi, uliikulia. Mwimbaji ananong'onezewa majina ya wakubwa waliokuja, anayaweka ndani ya wimbo, kila anayetajwa anainuka anacheza na kutupa noti kwenye beseni, na mwenye karamu anaona fahari. Ochwo alikunong'onezea mkandarasi wa barabara, akakunong'onezea mgombea wa kiti, akakunong'onezea mwenye duka la saruji. Nilikuona ukiitikia kwa kichwa, kwa heshima. Ukashika maiki. Ukaanza kutaja.

Ukamtaja Mama Adongo, aliyekuwa akigeuza ugali nyuma ya nyumba tangu alfajiri.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Kisha ukamtaja Taaka, aliyechota maji. Ukamtaja bibi mwenye mguu mbaya aliyekuwa anapepeta ulezi wakati baba yako akiwa mgonjwa, akamletea uji bila kuitwa. Ukasema baba yako alijenga spika hizi ili mtu wa nyuma asikie, na leo watu wa nyuma watajisikia wenyewe. Nikasikia jikoni kelele kama kuku wameingiliwa na kicheche.

"Ati nani? Mimi?"

"Wewe! Mama Adongo, ni wewe! Toka!"

"Natoka vipi na masizi haya?"

"Toka hivyohivyo, mjinga wewe, kesho hutatajwa!"

Wakatoka na miko mikononi, na moshi bado kwenye nguo zao, wakicheza kwa mabega jinsi wanavyocheza watu ambao hawakutegemea kucheza. Mama Adongo hakuwa na noti. Akaweka kiazi kitamu cha kuchoma kwenye beseni, juu ya pesa za mkandarasi, akarudi nyuma akicheka na kujifunika mdomo. Nilikutazama usoni wakati huo. Sijawahi kuona mtu anayejua kazi yake kama ulivyoijua wewe pale.

Ndipo "puh".

Unajua alichosema Ochwo, lakini ulikisikia tena kwa mdomo wangu, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja mara moja, kisha tuliache. Alisimama katikati ya uwanja na waya mkononi, akazungumza Kidhopadhola, kwa sauti ya msemaji wa ukoo. Kisha akanigeukia. "Mulamu, tafsiri. Watu yako wasikie."

Nami nilisimama, Athieno. Miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nikaunganisha mikono mbele ya sketi kama nifanyavyo kortini, nikasema kwa sauti safi, bila kuruka neno: "Huyu msichana ameniaibisha mbele ya wageni wangu. Sauti yake ni ya kuombea pombe vilabuni. Aende chuo cha ualimu kama alivyopangiwa, na akiimba aimbe ninapomwita. Kama hataki, mimi sina mtoto wa namna hiyo."

Mimi sina mtoto wa namna hiyo. Kinywa cha mama yako kilisema hivyo, kwa "mimi" ya mama yako, na ulikuwa umesimama hatua chache mbele yangu na maiki iliyokufa mkononi. Wajomba zako kutoka Samia walielewa vizuri sana. Mmoja wao alinijia baadaye kwenye chakula. "Dada, umetafsiri kama redio. Hata pumzi yake umeitafsiri."

Najua unachoweza kusema kunitetea, kwa sababu nimejisemea mwenyewe: kwamba ni mazoea ya kazi, kwamba nilikuwa mjane katika boma la wakwe, kwamba kukataa kungeharibu lumbe ya baba yako. Yote ni kweli, na hayanisaidii. Ningeweza kuketi. Mkalimani anaruhusiwa kuketi. Hata kortini, kesi ikimhusu ndugu yako unainua mkono unasema, "Mheshimiwa, sitaweza hii," na mwingine anaitwa. Ninaijua kanuni hiyo kwa kifungu chake. Niliitumia mara moja kwa ajili ya binamu aliyeshtakiwa kwa kuvusha sukari. Kwa ajili yako sikuitumia.

Tuliporudi Busia ulitaka kuzungumza, nami nikakuambia jambo baya kuliko tafsiri ile. Nilisema, "Baba yako mdogo hana adabu, lakini kuhusu chuo ana hoja." Nakumbuka ulivyoweka kikombe chini. Taratibu, kama kikombe kina mtoto ndani. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na hofu, na hofu ikivaa nguo za shule inaitwa busara. Nilikuwa na hofu ya njaa yako, ya vumbi la safari, ya yule mtangazaji wa redio aliyekuambia mbele yangu, huku akikutazama miguu, kwamba msichana mzuri hahitaji kuimba sana. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Halafu nikafanya alichotaka yeye, nikakuambia usiimbe sana. Ndivyo wanavyotupata. Mmoja anaharibu mlango, na mama ndiye anayekuja kumwambia mtoto asiende karibu na mlango.

Nakumbuka pia wimbo wako wa kwanza, ulioandika nyuma ya daftari la hesabu. Nilichukua kalamu nyekundu nikausahihisha. Maneno ya sokoni nikayakata, nikaweka ya kitabuni. Ulipouimba tena, wimbo ulikuwa sahihi kabisa, na ulikuwa umekufa. Hukunionyesha wimbo mwingine kwa miaka. Nilidhani umeacha kuandika. Kumbe uliacha kunionyesha.

Kwa hiyo sina mamlaka ya kukupa mafundisho, ila kuna mambo machache niliyoyalipia, na ni afadhali uyachukue kuliko yaoze hapa.

Tororo si mbali. Ukisimama chini ya ule mwamba mkubwa wa mji na upepo ukiwa mzuri, ni kama uko shambani kwa wajomba zako. Na hilo ndilo linalonitisha, maana Paya iko karibu zaidi. Watakujia. Hawatakuja kama maadui, watakuja na kuku. Watasema, tumefiwa, mtoto wetu, utatuimbia? Na wengine watakuwa wamefiwa kweli, na utakwenda, na ni vizuri uende. Ukimwimbia Mama Adongo bure maisha yake yote nitakushonea nguo ya kuvaa kila ukienda. Lakini jifunze kuwatenganisha anayekuita kwa sababu ana huzuni na anayekuita kwa sababu ana wageni. Wa kwanza atakuuliza umekula nini. Wa pili atakuuliza umeyashika majina.

Usiamini sana wanaoisifu sauti yako. Mimi nilisifiwa mpaka nikapotea. Mtazame anayekusifu, halafu tazama mkono wake uko wapi. Mara nyingi umeshika waya.

Na usidhani hasira ni uchafu unaopaswa kuufua kabla ya kuimba. Nililelewa hivyo, nikakulea hivyo, na tazama, nina miaka thelathini na nane na ndiyo kwanza nakasirika. Ni hisia inayochosha, lakini ni yangu. Hakuna aliyeniambia niitafsiri.

Sasa nikuambie nilikokuwa leo. Uliuliza mchana kwa nini viatu vyangu vina udongo mwekundu, nikakujibu nilipita sokoni. Nisamehe. Nilitaka kwanza liwe limefanyika.

Asubuhi nilikodi pikapu, nikavuka, nikaenda Paya. Ochwo alikuwa kibarazani akinyoa ndevu mbele ya kioo cha pikipiki. Alinikaribisha vizuri, akaniambia kabla sijaketi kwamba Jumamosi ijayo mgombea wake anakuja nyumbani, na ameshamwahidi kwamba wewe utaimba. Safari hii, alisema, majina atayarudia mara mbili ili usikosee.

"Hataimba," nikasema. "Na spika nimekuja kuzichukua."

Akaacha wembe hewani. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mtoto amekutuma?"

"Shemeji, nimesema hakuna. Mimi ndiye ninayesema."

Akacheka, nusu ya uso ina povu. Akaanza kuniambia kwa Kidhopadhola mambo ya ukoo na mali ya marehemu na wanawake wa kutoka ng'ambo, kirefu, kwa ile sauti ya uwanjani. Dereva wa pikapu, Msamia mwenzangu, akaninong'oneza, "Dada, anasema nini?" Unajua nilijisikiaje? Midomo yangu ilifunguka yenyewe. Nikaifunga. Nikamwambia dereva, "Anasema yake. Shusha kile kibao cha nyuma tupakie."

Bibi yako, mama yake Ochwo na mama yake Okoth, alikuwa pembeni anabangua karanga. Hakuinua macho. Alisema tu, "Ochwo, uliwahi kujenga kasha hata la kuku?" Basi. Akaendelea na karanga zake.

Ochwo hakubeba, lakini hakuzuia. Waliobeba ni Mama Adongo na Taaka, walionisikia wakaja kutoka mashambani na majembe yao. Mama Adongo alipiga kasha la spika kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe mzuri. "Hii ndiyo ilinitaja," akamwambia dereva. "Endesha polepole, wewe. Humu ndani niko mimi."

Sikuzileta Busia. Nilizipeleka moja kwa moja Tororo, kwa yule mama mwenye nyumba uliyepanga chumba kwake, nikamwomba ufunguo, naye akanipa baada ya kunipima tangu kichwani hadi viatuni na kusema tunafanana paji la uso. Nimezipanga kwenye ukuta ulio mbali na dirisha, maana dirisha lile halifungi vizuri na mvua itaingia. Waya niliuchomeka mwenyewe. Nilipata shoti kidogo mkononi, nikakumbuka baba yako alivyokuwa akicheka ikitokea.

Kisha nikashika maiki iliyokuja nazo ili nijaribu, na nikagundua kwamba sina la kusema. Miaka yote hiyo mbele ya maiki za mahakama, na siku ambayo hakuna mtu pembeni wa kunipa maneno, nilisimama katikati ya chumba chako kitupu kama mjinga. Nikasema jina langu. Nikasema lako. Nikasema, "Nina mtoto wa namna hii." Zinasikika vizuri, mwanangu, hata ukiwa nje kabisa, kwenye kamba za nguo.

Najua kwa sababu mama mwenye nyumba alitoka huko kwenye kamba na nguo mbichi begani, akaniuliza kama kelele hizi zitakuwa za kila siku.

Nilimwambia ndiyo, za kila siku.

Mama yako,
Nabwire